Kwenda Rubondo kwa gari na hema: hesabu zako zianzie mwaloni

Wengi wanaotuuliza kuhusu safari ya Rubondo huanza na gari: mafuta yatakwenda kiasi gani, barabara ikoje, njiani tulale wapi. Ni maswali ya maana, ila yanakuja baadaye. Rubondo ni kisiwa cha hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria, na unatakiwa upange ukijua gari lako litabaki bara. Wasiliana kwanza na ofisi ya hifadhi kuhusu boti, nafasi ya kuweka hema na mahali salama pa kuegesha gari. Ukishaijua siku na saa ya kuvuka, ndipo urudi nyuma kuhesabu saa za barabarani.

Kwa anayetokea Mwanza, hesabu hiyo imekuwa nyepesi. Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi iliweza kukuharibia siku nzima. Tangu Juni 2025 unapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kisha Sengerema, Geita, mpaka upande wa Muganza wilayani Chato. Kutoka Kasenda, jirani na Muganza, boti hutumia takribani nusu saa. Ukipitia mwalo wa Nkome barabara inakuwa fupi, lakini majini unakaa muda mrefu zaidi. Mwenye watoto wadogo, au asiyezoea mawimbi, namshauri apitie Kasenda.

Fika mwaloni, yaani pale boti zinapopakia, asubuhi. Mchana upepo ukizidi ziwa huchafuka, na nahodha akisema leo hatuondoki, msimbembeleze. Ni bora kulala Geita au Chato siku moja kabla kuliko kukimbiza gari gizani kwenye barabara yenye ng'ombe na baiskeli zisizo na taa. Vilevile, acha siku moja ya akiba mwishoni mwa likizo. Viingilio vya hifadhi huhesabiwa kwa saa 24, hivyo ziwa likikuzuia kisiwani unahitaji muda, na pia fedha za siku ya ziada.

Hayo yote ni kwa ajili ya kukutana na wanyama wa kisiwa hiki, na historia yao inastahili kujulikana kabla hujavuka. Rubondo ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1977, lakini kazi ya kuleta wanyama ilianza miaka ya 1960. Nzohe (swala wa majini), pongo, viboko, mamba, fisi maji na tumbili ni wenyeji wa asili. Tembo, twiga na mbega waliletwa na binadamu. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa pia sokwe 17 waliokuwa wakiishi kwenye bustani za wanyama za Ulaya, kwa juhudi za mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, Bernhard Grzimek, na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Walifunguliwa msituni bila mtu wa kuwafundisha tena kujitafutia chakula. Wakajifunza wenyewe, wakazaa, na unaowaona leo ni kizazi kilichozaliwa humo humo msituni. Vifaru nao waliletwa, lakini majangili waliwamaliza. Kisiwa hakina simba wala chui, na maji yanayokizunguka ndiyo ukuta wa viumbe hawa.

Ukuta huo una udhaifu mmoja: msituni humo ugonjwa ukiingia, sokwe hawana pa kukimbilia. Mafua yako ya kawaida yanaweza kumuua sokwe. Ukiwa unakohoa au una homa, baki kambini, hata kama umelipia. Ukiwa mzima, vaa barakoa, kaa umbali usiopungua mita 10, na usile mbele yao. Uliza mapema pia kuhusu umri wa watoto wanaoruhusiwa kwenda kuwafuata. Inauma mtoto kusafiri siku mbili kisha akaambiwa hapana.

Kuhusu kambi, chukulia kwamba kisiwani hakuna duka litakalokuokoa. Chakula, jiko la gesi, tochi na betri zake, dawa zako za kila siku, chandarua na maji ya kunywa, vyote vitoke bara. Kuni za msituni haziguswi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na takataka nyingine zote zirudi nawe kwenye boti. Vyakula vifungie kwenye vyombo vyenye mfuniko mgumu, kwa sababu tumbili akionja mkate mara moja kila mgeni ajaye atapata taabu.

Hema lisimamishwe pale tu askari wa hifadhi anapokuonyesha. Kile kijia kilicholainika kutoka majini, kinachoonekana kama mahali pazuri pa hema, mara nyingi ni njia ya kiboko anayetoka usiku kwenda malishoni. Kiboko hupita njia yake ileile, na anayemkuta katikati ya njia hiyo amejiweka hatarini. Haja ya usiku isikutoe hemani bila tochi na bila kusikiliza kwanza.

Ziwani msiingie kuogelea. Mamba wapo, na kichocho kipo kwenye Ziwa Victoria. Anayegusa maji ya ufukweni kwa bahati mbaya ajifute haraka, na akirudi nyumbani amweleze daktari alikokwenda. Malaria nayo ipo kanda yote ya ziwa, kwa hiyo jadili kinga na mhudumu wa afya kabla ya safari.

Juni hadi Agosti njia huwa kavu na gari halikusumbui. Mpenda ndege, ambaye atakuta aina zaidi ya 200 pale, anaweza kuvumilia tope la miezi ya mvua kwa faida yake. Na siku ya kwenda, kabla hujapanda boti, likung'ute hema na uzisugue soli za viatu hapo hapo mwaloni, ili mbegu za magugu ya shambani kwenu zisivuke nawe.