Je, wajua bunduki ya Mwingereza huenda ilibebwa na askari wa Mjerumani?

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kusimama Ulaya, kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Silaha za jeshi lake zikahesabiwa: bombomu (bunduki za rashasha) 37, na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani haikuwemo hata moja.

Hesabu hiyo ni muhimu kwa yeyote anayejaribu kutambua bunduki kuukuu ya zama zile. Familia inaweza kurithi simulizi kwamba babu alikuwa askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, kisha ikaona kwenye chuma taji la Uingereza na kuamua kwamba mzee alitia chumvi. Huenda alisema kweli tupu.

Vita vilipoanza mwaka 1914, vikosi vingi vya askari wa Kijerumani vilikuwa na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Kipenyo cha mtutu wake ni milimita 11, huingizwa risasi moja moja, na hutumia baruti nyeusi inayotoa wingu la moshi. Ukifyatua tu, adui ameshaona ulikojificha. Kwa hiyo silaha bora zilitafutwa kwa adui mwenyewe. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliokota bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000 zilizoachwa na majeshi ya Uingereza. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza ikazama ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Hata hivyo shehena kubwa iliopolewa, zikiwemo bunduki zipatazo 1,800, na risasi zilizolowa zikafanyiwa kazi ya kukaushwa. Novemba 1917 wakavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, wakawapiga Wareno Ngomano, wakachukua silaha zao.

Basi unaisomaje? Anza na chuma, simulizi ifuate. Mauser ya 1871 ina maandishi ya herufi za Kijerumani za kale, “I.G.Mod.71”, ubavuni mwa chemba, pale risasi inapokaa. Mauser ya 1898, yenye kipenyo cha milimita 7.92 na risasi tano ndani, huandikwa juu ya chemba jina la kiwanda na mwaka: Spandau, Danzig, Erfurt, Amberg, Oberndorf. Lee-Enfield ya Kiingereza hutazamwa shingoni, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio. Upande wa kulia kuna taji, herufi za mfalme (GR kwa George), kiwanda na mwaka. Ukikuta “Ishapore”, ujue ilitengenezwa India. Mreno naye huchanganya watu, maana Mauser-Vergueiro yake ya 1904 ilitengenezwa Berlin, ila juu ya chemba ina herufi za mfalme Carlos wa Kwanza chini ya taji.

Mwaka ule uliopigwa kwenye chuma ndio shahidi ninayemwamini kuliko wote. Lee-Enfield ya 1916 haiwezi kuwa imeokotwa Tanga mwaka 1914, hata msimulizi aape. Lakini ingeweza kutekwa mwaka 1917. Chuma kinaweza kukanusha sehemu moja ya simulizi na kuiacha nyingine imesimama.

Baada ya hapo ndipo huja thamani. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hutazama kwanza nambari. Kwenye bunduki za Kijerumani nambari ilirudiwa katika sehemu nyingi, tarakimu za mwisho zikafika hadi kwenye skrubu. Zikilingana zote, bei hupanda sana. Komeo, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, likiwa na nambari nyingine, bei hushuka. Kwa hiyo wapo wanaofuta nambari kwa tupa na kupiga mpya. Chunguza kama chuma kimebonyea pale palipopigwa, na kama umbo la tarakimu ni lile lile kila mahali. Kisha hutazamwa ndani ya mtutu, nyufa za kitako, na kama rangi ya chuma ni ya asili. Karatasi nazo zina uzito: picha, barua ya kuachishwa jeshi, nishani yenye jina. Simulizi isiyo na karatasi ni tamu kuisikia, lakini mnunuzi makini hailipii.

Hayo yote yafanywe silaha ikiwa halali. Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015, na Kenya ina yake. Bunduki isiyo na leseni ni kosa hata ikiwa ni ya marehemu babu. Ukiikuta darini au shambani, usiiguse wala usijaribu kuifungua, huenda ina risasi ndani. Waite polisi. Kuijaribu kwa kufyatua ni hatari zaidi, hasa Mauser ya 1871, ambayo haikuundwa kuhimili nguvu ya baruti ya kisasa.

Na kama iko mikononi mwa mwenye kibali au makumbusho, naomba msasa na vanishi vikae mbali. Kutu ya juu juu hufutwa kwa mafuta mepesi na kitambaa laini. Mbao ziachwe na mikwaruzo yake. Baadhi ya askari walichonga alama zao kwenye kitako, na mkwaruzo mmojawapo huenda ni herufi za jina la mtu.