Venezia bila kufilisika: yanayosemwa na yaliyopo

Hakuna mji wa Italia unaosimuliwa vibaya kama Venezia. Mara nyingi anayeusimulia alishuka saa nne asubuhi na kundi lake, akafuata bendera ya kiongozi mpaka uwanja wa San Marco, akala alipokuta kiti, na saa kumi jioni akaondoka. Aliyoyaona ni kweli kwa saa zile sita na kwa mtaa ule mmoja. Lakini mji wa kale una mitaa sita, na bei za huko hufuata mahali na saa kuliko zinavyofuata kitu chenyewe. Asiyelijua hilo atalipa sana kisha awaite wenyeji wezi.

"Usilale Venezia kwenyewe, lala Mestre"

Ushauri huu una nusu ya ukweli, ndiyo maana haufi. Mestre iko bara, dakika kumi hivi kwa treni hadi stesheni ya Santa Lucia ndani ya mji wa kale, na vyumba vyake kwa kawaida ni nafuu. Kwa familia yenye watoto wadogo na mabegi mengi, panafaa. Wabangladeshi wengi wanaishi huko, kwa hiyo nyama halali na migahawa ya Waislamu hupatikana kwa urahisi kuliko upande wa visiwani.

Nusu inayosahaulika ni hii: Venezia hupendeza alfajiri na baada ya magharibi, wale wa bendera wakiwa hawajafika au wameshaondoka. Anayelala Mestre huingia nao asubuhi na kutoka nao jioni, kwenye treni ile ile. Kama una usiku mmoja au miwili tu, mimi ningeongeza fedha nilale mjini, ila si karibu na San Marco. Tafuta mtaa wa Cannaregio upande wa kaskazini, au mtaa wa Castello ukishapita Arsenale, karakana ya kale ya meli, au kisiwa cha Giudecca. Zipo pia nyumba za masista zinazopokea wageni wa dini yoyote: vyumba vya kawaida, visafi, na mara nyingi lango hufungwa saa maalumu usiku, basi uliza kabla ya kulipa. Novemba na Januari bei hushuka. Wakati wa kanivali hupaa.

Kuna jambo ambalo matangazo ya vyumba hayalisemi. Namba ya nyumba huko ni ya mtaa mzima, si ya njia. Ukiandikiwa "Castello" na namba ya tarakimu nne, hujaambiwa kitu. Mwombe mwenyeji jina la uchochoro na kituo cha boti kilicho karibu, halafu hesabu madaraja yaliyo katikati. Mji una madaraja zaidi ya 400, karibu yote ya ngazi, na sanduku la magurudumu hapo linabebwa mkononi.

"Siku hizi mji una kiingilio, kila mtu analipa"

Ada ilianza mwaka 2024 na inamhusu anayekuja na kurudi siku hiyo hiyo, tena kwa siku zilizotangazwa tu. Mwaka 2025 zilikuwa siku 54: euro 5 kwa aliyelipa mapema, euro 10 kwa aliyechelewa, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Ukiingia baada ya hapo hulipi. Anayelala ndani ya manispaa, Mestre ikiwemo, amesamehewa, ila inambidi ajisajili mtandaoni kupata msamaha huo. Yeye hulipa kodi ya kulala kwenye malazi yake. Watoto walio chini ya miaka 14 hawalipi.

"Gondola ndiyo usafiri wa huko"

Gondola ni starehe. Bei rasmi ni euro 90 kwa nusu saa mchana, na euro 110 kuanzia saa moja usiku, kwa chombo kizima na si kwa kichwa. Mkiwa watano mnagawana. Usafiri ni vaporetto, boti kubwa ya abiria. Tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, na ya siku nzima ni euro 25, kwa hiyo ukijua utapanda mara tatu, nunua ya siku. Mwenye hamu ya gondola na mfuko mwembamba akavuke Mfereji Mkuu kwa traghetto: gondola ya kuvushia watu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, euro 2 kwa mgeni. Ni dakika chache tu, lakini maji ni yale yale.

"Kahawa moja inakula pesa ya chakula cha siku"

Ndiyo, ukiketi Caffè Florian. Nyumba ile imekuwepo tangu 1720, ina meza uwanjani San Marco na bendi inayopiga vinanda na fidla, na juu ya bei ya kinywaji kuna nyongeza ya muziki inayoandikwa waziwazi kwenye menyu. Hapo umenunua kiti, uwanja na fidla. Kahawa ni kisingizio. Mimi sioni ubaya wake, mradi mtu ajue anachonunua na akae saa nzima.

Ukitaka kahawa tu, ingia baa yoyote ya vichochoroni, simama kaunta, unywe na uondoke. Espreso ya kusimama ni euro moja na ushee. Baa za Italia zina bei mbili, ya kaunta na ya meza, na orodha hubandikwa ukutani. Mgeni huketi bila kuuliza, akiletewa bili anapiga kelele. Wala usidhani utanunua mkate ukaule kwenye ngazi za San Marco: kuketi chini na kula pale kuna faini.

"Wanakutoza hata kwa kukaa mezani, huo ni wizi"

Kwenye bili utaona "coperto", euro mbili tatu kwa kila mtu. Ni ada ya meza na mkate. Hapo Venezia ni halali ikiwa imeandikwa kwenye menyu. Pia huwajibiki kuacha bahshishi.

Macho yako yaelekee kwingine: samaki anayeuzwa kwa "etto", yaani kila gramu 100. Menyu inasema euro 9, nawe unaona nafuu. Anakuja samaki wa gramu 800, bili ni euro 72, na kisheria huna la kusema kwa kuwa kila kitu kiliandikwa. Mwambie mhudumu amlete samaki mbichi umwone, apimwe, akutajie bei kamili ndipo aende jikoni. Alama ya nyota kando ya jina la chakula maana yake aghalabu ni kwamba kiligandishwa. Na Jumatatu ukiapiwa kwamba samaki ni wa asubuhi hiyo kutoka Rialto, kumbuka kuwa soko la samaki la Rialto halifunguliwi Jumapili wala Jumatatu.

"Italia ni piza na pasta"

Piza ni ya Napoli. Venezia ni ya bahari, na mtu wa pwani atajiona kwao upesi: ngisi aliyepikwa kwa wino wake, pweza, kaa laini wa majira ya kuchipua na ya vuli, sadini waliokaangwa na kulazwa kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu. Wali upo. Na kando ya samaki huletwa polenta nyeupe, unga wa mahindi uliosongwa, ambao mla ugali hahitaji kufundishwa.

Kitoweo kinachotajwa kuliko vyote, baccalà mantecato, kinatokana na samaki mkavu wa Norway. Inasimuliwa kwamba aliyewaletea ni Pietro Querini, nahodha wa Venezia ambaye chombo chake kilipotea na mabaharia walionusurika wakafika kisiwa cha Røst mwanzoni mwa 1432. Samaki hulowekwa, huchemshwa, kisha hupigwa kwa mafuta mpaka awe laini wa kupaka juu ya mkate.

Utamkuta kwenye bacaro, vijibaa vya wenyeji, pamoja na vitafunio vingine vya kaunta viitwavyo cicchetti, kila kimoja euro mbili au tatu. Watu husimama, wanakula viwili vitatu na glasi ndogo ya mvinyo, kisha wanahamia kijibaa kinachofuata. Mlo wa jioni unaweza kuisha hivyo bila kuona kiti. Asiyekunywa pombe aagize Crodino au juisi ya machungwa. Asiyekula nguruwe achague vya samaki na aulize "c'è maiale?", maana nyama ya nguruwe hujificha hata juu ya kipande cha mboga, na mvinyo huingia kwenye michuzi. Maji ya chupa yaache: mji una mabomba ya wazi zaidi ya 100, na maji yake ni salama.

"Kioo ukikinunua Murano, ni cha Murano"

Mwaka 1291 serikali ya Venezia iliamuru matanuri ya kioo yahamie kisiwa cha Murano, kwa hofu ya moto katika mji wa nyumba za mbao. Mafundi wapo hadi leo. Lakini hata kisiwani kwenyewe kuna maduka yanayouza vya kuletwa kutoka nje. Tafuta alama ya Vetro Artistico Murano, muulize muuzaji jina la tanuri, na ujihadhari na boti ya "bure" unayopewa hotelini: safari huishia chumba cha mauzo chenye wauzaji wasiochoka.

Kama mfuko hauruhusu chombo kikubwa, nunua shanga. Hizo zina historia na sisi. Katika karne ya 19 shanga za Venezia zilishushwa Zanzibar, zikapandishwa misafara ya bara zikiwa fedha ya njiani. Nyekundu za samisami zilikubalika pengi, lakini kila nchi ilikuwa na rangi yake, na mwenye msafara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebebesha wapagazi mzigo wa bure.

Vinyago vya kanivali vya kweli ni vya karatasi iliyogandishwa kwa gundi, vyepesi, na fundi huonekana akivifanyia kazi dukani. Lesi ya sindano ya kisiwa cha Burano huchukua muda mrefu mno, hivyo kitambaa cha mezani cha euro kumi hakikushonwa kisiwani. Mkoba bandia wa barabarani uache; sheria ya Italia humtoza faini mnunuzi pia, na inaweza kufika euro 7,000.

"Kurudishiwa kodi ni kwa matajiri"

Tangu Februari 2024 kiwango kimeshuka: manunuzi ya zaidi ya euro 70 katika duka moja yanatosha kudai kodi ya ongezeko la thamani, ikiwa unaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Kinachoangaliwa ni makazi, kwa hiyo Mtanzania anayeishi Ujerumani hapati, na Mwitaliano anayeishi Nairobi anapata. Onyesha pasipoti dukani, chukua fomu, na uidhinishiwe na forodha unapotoka Umoja wa Ulaya, kabla mzigo haujapokelewa ndani ya ndege ikiwa bidhaa zimo humo.