"Imewaponya panya": dhana potofu kuhusu dondoo za mimea na baridi yabisi

Haupiti muda mrefu bila kusikia kwamba mmea fulani "umethibitishwa" kutibu baridi yabisi. Ukiutafuta utafiti wenyewe, mara nyingi unakuta seli kwenye kisahani cha maabara, au panya wachache. Si uongo, ila kutoka hapo hadi kwa mgonjwa bado safari ni ndefu.

Dhana: Ikituliza uvimbe maabara, itatuliza viungo.

Kipimo kilichozoeleka ni hiki: seli za kinga za panya huchokozwa kwa sumu ya ganda la bakteria, hutiwa dondoo (yaani kiini kilichotolewa kwenye mmea), kisha hupimwa TNF na IL-6, protini zinazochochea uvimbe. Zikishuka, makala huandikwa. Lakini seli iliyokufa nayo haitoi TNF, kwa hiyo mtafiti makini huhakikisha kwanza kwamba dondoo haikuziua tu.

Halafu kuna suala la kipimo cha dawa. Kisahani hupokea kiasi chochote utakachokimimina. Damu haiko hivyo. Kurkumini, kemikali iliyo kwenye kiungo cha manjano, humezwa kwa gramu na bado kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Mwaka 1998 watafiti waliichanganya na piperini, kemikali ya pilipili manga, na kiasi kilichofyonzwa kikapanda takriban mara 20. Inasikika vizuri, mpaka ukumbuke ni mara 20 ya karibu na bure. Isitoshe, kurkumini hung'aa yenyewe na hung'ang'ania protini ovyo, hivyo huweza kuvuruga vipimo na kuonekana inafanya kazi hata pale isipofanya.

Kuna kipimo rahisi zaidi, cha kupasha moto albumini, aina ya protini, na kuangalia kama dondoo inaizuia isigande. Makala inayoishia hapo mimi huiweka kando.

Dhana: Panya akipona, na mtu atapona.

Panya wa maabara hupewa ugonjwa kwa kuchomwa sindano ya kolajeni, protini ya maungio, na kichocheo cha kinga, na baada ya wiki kadhaa miguu huvimba. Tazama siku dondoo ilipoanza kutolewa. Tafiti nyingi huanza kabla uvimbe haujatokea, ilhali mgonjwa hufika kliniki vidole vikiwa vimevimba kwa miezi. Wengine hutumia karajinani, kemikali ya mwani inayovimbisha unyayo wa panya kwa saa chache tu. Hicho ni kipimo cha dawa ya kutuliza uvimbe wa muda. Baridi yabisi ni kinga ya mwili kuushambulia utando wa maungio kwa miaka.

Dhana: Aspirini ilitokana na mimea, basi gome linatosha.

Gome la mti wa willow, lenye kemikali iliyozaa aspirini, lilijaribiwa Ujerumani kwa wagonjwa 26 wa baridi yabisi, matokeo yakachapishwa 2004. Halikuizidi plasebo, yaani dawa bandia, kwa kiwango cha kuaminika.

Dhana: Wanasayansi hawataki mmea ushinde.

Basi tuutazame Tripterygium wilfordii, mmea utambaao unaotumika katika tiba ya jadi ya China. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani: wagonjwa 121, dondoo ya mzizi dhidi ya salfasalazini, dawa ya hospitali ya baridi yabisi, kwa wiki 24. Kati ya waliomaliza, asilimia 65 ya waliotumia dondoo walifikia kiwango cha ACR20, yaani viungo vyenye maumivu na vilivyovimba vilipungua kwa angalau asilimia 20, pamoja na nafuu katika vipimo vingine. Kwa salfasalazini ilikuwa karibu asilimia 33. Lakini wengi waliacha njiani: waliomaliza walikuwa asilimia 62 upande wa dondoo na 41 upande wa pili. Ukisoma 65 peke yake, umesoma nusu ya habari. Mwaka 2014 jaribio la China lenye watu 207 lilionyesha kwamba dondoo hiyo pamoja na methotreksati, dawa nyingine ya hospitali ya baridi yabisi, ilileta nafuu zaidi kuliko methotreksati peke yake.

Kwa hiyo mmea ulipopita mtihani, matokeo yalichapishwa katika majarida makubwa ya tiba. Kilichouzuia usienee ni sumu yake.

Dhana: Cha asili hakidhuru.

Mmea huohuo hupunguza mbegu za kiume na hukatiza hedhi. Dondoo ya majaribio hutengenezwa kwa mzizi uliomenywa. Majani, maua na ganda la mzizi vinaweza kuua.

Na ile ya kwenye chupa inayotuliza maumivu kwa siku mbili? Mwaka 2022, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kuhusu virutubisho vya viungo vilivyokutwa na deksamethasoni (dawa ya steroidi) na diklofenaki (dawa ya maumivu) ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Mtu aliyevitumia kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuzidiwa, kwa kuwa tezi zake za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili, zimeshazoea kutofanya kazi.

Dhana: Nijaribu mitishamba kwanza, hospitali baadaye.

Mifupa ya maungio mara nyingi huanza kulika ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na ikishalika hairudi. Hata jaribio la 2009 halikuwaacha watu na dondoo tupu: waliruhusiwa kuendelea na prednisoni, dawa ya steroidi, na dawa za maumivu, chini ya uangalizi wa madaktari.