Ukifika Nzwani Hujafika Maore

Juzi nimeambiwa tena, safari hii na mama wa Mikindani anayepeleka vitunguu Moroni, mji mkuu wa Komoro: "Mwanangu, Maore si Komoro hiyohiyo? Nikishagongewa muhuri Moroni, nasonga mbele." Mama yangu, husongi popote. Kazi yangu hapa bandarini Mtwara ni hati za mizigo na za wasafiri, na maneno hayo nimeyasikia mpaka masikio yameota sugu.

Simlaumu sana. Kwa mstari ulionyooka Moroni iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo watu wa huku tunaviona visiwa vile kama mtaa wa pili. Na bendera ya Komoro inachangia: mistari minne, wa manjano Mwali, mweupe Maore, mwekundu Nzwani, wa buluu Ngazidja, na nyota nne juu yake. Ukiiona inapepea kwenye chombo gatini, utajuaje kwamba kisiwa kimoja kati ya hivyo, Maore (Mayotte), kinatawalwa kutoka Paris?

Kisa chenyewe ni hiki. Desemba 1974 visiwa vyote vinne vilipiga kura ya uhuru. Vitatu vilikubali kwa kishindo, Maore wengi wakakataa. Tarehe 6 Julai 1975 Moroni ikatangaza uhuru wa vyote vinne, Ufaransa ikang'ang'ania kimoja. Novemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kama nchi ya visiwa vinne, na Baraza Kuu limelirudia hilo mara nyingi. Februari 1976 Ufaransa ilitumia kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama kuzima azimio la kuitaka isiitishe kura nyingine Maore, na siku mbili baadaye Wamaore wakapiga kura nyingine: zaidi ya asilimia 99 wakataka kubaki na Ufaransa. Mwaka 2009 wakakubali kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, na ukawa wa 101 Machi 2011.

Kwa hiyo anayeniambia "kwenye sheria ya kimataifa ni ya Komoro" ana hoja, tena nzito. Ila afisa wa uhamiaji pale Mamoudzou, mji mkuu wa Maore, hatakuuliza maazimio ya Umoja wa Mataifa. Atakuuliza viza ya Ufaransa, nayo iwe imeandikwa kwamba inafaa Maore. Sikiliza hapo: hata ile ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, uliyosumbukia kwa ajili ya Paris haikuingizi, kwa sababu Maore iko nje ya eneo la Schengen. Ushauri wangu haubadiliki: anza na viza, ndipo utafute mzigo. Watu hufanya kinyume, kisha wananiletea mimi vilio.

Wapo wanaonong'onezwa habari za kwasa-kwasa, zile boti ndogo za kuvuka kutoka Nzwani, kilomita 70 hivi. Tangu Ufaransa iwawekee Wakomoro viza mwaka 1995, watu wengi wamezama kwenye mkondo ule, nao ni wenyeji wa bahari hiyo. Mteja akilitaja, faili lake nalifunga.

Na mengine ninayoambiwa ni haya. "Maore inajitawala." Haijitawali. Inapeleka wabunge wawili kwenye Bunge la Ufaransa, inatumia euro, na mwakilishi wa serikali huteuliwa kutoka Paris. Halmashauri wanayo, lakini hata Mtwara tunazo.

"Nzwani ni nchi yake." Ilijitangaza hivyo mwaka 1997, hakuna aliyeitambua. Katiba ya 2001 ikaipa kila kisiwa rais wake chini ya Muungano wa Komoro. Mohamed Bacar wa Nzwani alipogoma kuondoka, Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo vijana wetu wa JWTZ, yakaingia, naye akakimbilia kwa boti, wapi tena, Maore. Siku hizi visiwa vina magavana. Muhuri wa Moroni unatosha Nzwani, na hapo ndipo yule mama alipochanganya.

"Maore wanasema Kifaransa tu." Shuleni na ofisini, ndiyo. Sokoni utasikia Kimaore, ndugu wa lugha yetu, na Kibushi chenye asili ya Madagaska. Bei ya kitunguu utaielewa bila mkalimani. Ukiwa na viza.