Kasuku Aliyegeuka Kambakoche

Wanafunzi wangu wa uendeshaji wa vikaragosi huniuliza kwa nini sanamu ya kitambaa inayoigiza riwaya ya zamani huchekesha kuliko mtu aliyevaa mavazi yaleyale. Huwajibu kwa kuwaonyesha Muppet Treasure Island, filamu ya mwaka 1996 ya vikaragosi mashuhuri waitwao Muppets, iliyoongozwa na Brian Henson, ambayo inatokana na kitabu cha Robert Louis Stevenson cha mwaka 1883, kile ambacho wasomaji wa Kiswahili walikijua kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina.

Chura Kermit anapokuwa Kapteni Smollett, mtazamaji hamwoni nahodha peke yake, kwa sababu kwa miaka mingi amekwisha kumzoea chura huyo kuwa mpole na mwenye wasiwasi, na sasa anamwona akijikaza awe mkali mbele ya mabaharia waovu. Kicheko huzaliwa katika pengo lililopo kati ya hao wawili. Hata hivyo, pengo hilo halitoshi ikiwa mwigo haukushika jambo lililomo kitabuni. Stevenson alimchora Trelawney kuwa bwana mkubwa asiyeweza kutunza siri. Katika filamu, dubu Fozzie, akiigiza mwana wa Trelawney, huomba ushauri kwa mtu anayeishi ndani ya kidole chake. Upumbavu ni uleule, ila umekuzwa. Kwa Ben Gunn, nadhani walipoteza zaidi ya walivyopata: maskini yule aliyetelekezwa kisiwani miaka mitatu, akiota jibini usiku na mchana, amegeuzwa kuwa Benjamina Gunn, malkia mwenye mapambo anayeigizwa na Miss Piggy, na ile njaa yake ya kuchekesha na kusikitisha imetoweka.

Filamu hii inazicheka pia filamu zilizoitangulia. Katika ile ya Disney ya mwaka 1950, Robert Newton, mzaliwa wa Dorset, alimpa Long John Silver, kiongozi wa maharamia katika hadithi hiyo, lafudhi nzito ya kusini-magharibi mwa Uingereza, na tangu hapo karibu kila anayeiga maharamia humwiga Newton hata kama hajapata kusikia jina lake. Kasuku wa begani mwa Silver, ambaye kwa Stevenson alikuwa kiumbe wa kutisha, naye akawa pambo la kawaida la haramia wa sinema. Ndiyo maana Silver wa filamu ya vikaragosi anafuatana na kambakoche, na kambakoche huyo bado anaitwa Polly, jina ambalo Waingereza wamezoea kuwapa kasuku.

Yote haya yangeporomoka bila mwigizaji Tim Curry. Waendeshaji hujificha chini ya fremu, mikono juu, macho yakiwa kwenye skrini ndogo inayowaonyesha kile kamera inachoona, naye mwigizaji hubaki akizungumza na macho yasiyopepesa. Curry anamwigiza Silver kwa nguvu zake zote, wala haonyeshi hata mara moja kwamba wenzake ni vitambaa, na kwa hiyo tunamwogopa pale hasa tunapocheka.

Kitabuni, Silver hutoroka na mfuko wa sarafu na habari zake zikakatikia hapo. Katika filamu mashua yake inazama, naye anarudi kisiwani kukaa na kichwa cha jiwe kinachomsimulia vichekesho visivyochekesha.