Je, ni kweli tabia mpya hushika kwa siku 21?

Mjini Bukavu, ahadi hii inazunguka katika semina za vijana na makundi ya WhatsApp: fanya jambo siku 21 mfululizo, litakuwa tabia. Kijana anaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri asome Kiingereza. Siku ya 22 usingizi ni uleule, naye anajiona mvivu. Inaniuma, maana namba hiyo haikupimwa kwa tabia hata kidogo.

Ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Huko ni kuzoea kitu kilichokwisha kubadilika, wala hakuna zoezi ambalo mgonjwa alilirudia kila siku. Watu walipopokezana habari, "angalau" ikadondoka. Kwetu huenda imeaminika upesi zaidi kwa sababu Danieli naye alifunga majuma matatu.

Waliopima tabia ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, mwaka 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja kitendo cha kula, kunywa au mazoezi, wakakirudia kwa wiki 12. Namba ya katikati ya muda hadi tabia kushika ilikuwa siku 66. Aliyewahi zaidi 18, aliyechelewa 254. Tuzishike kwa uangalifu: zinatokana na watu 39 ambao takwimu zao zililingana vizuri na mchoro wa watafiti wa jinsi tabia inavyokua, na 254 ni makadirio, kwani utafiti uliishia siku ya 84. Mazoezi yalichelewa kushika kuliko glasi ya maji.

Kinachojengeka ni kifungo kati ya ishara, yaani jambo linalokukumbusha, na kitendo. Chukua njia ya mkato kwenye mteremko wa Kadutu, hapa Bukavu. Mwanzoni kila anayepita analaza majani mengi. Udongo ukishakuwa mgumu, kupita tena hakuongezi kitu. Ndivyo mchoro wa Lally ulivyopanda kwa kasi, kisha ukatulia. Lakini anayepita mahali tofauti kila siku hachongi njia. Kwa hiyo "nitasoma nikimaliza chai" ina nguvu kuliko "nitasoma nikipata nafasi".

Na kule kusema "mfululizo" kumewavunja moyo wengi bure. Katika utafiti huo, kukosa siku moja hakukuharibu mwendo wa tabia. Aliyekosa Jumanne aendelee Jumatano, chai ileile, kitabu kilekile, bila kuanza kuhesabu upya.