Kiraka si ukarabati

Juzi nimeletewa tena ile picha ya ukuta wa mawe wa huko Ulaya, kona yake imemeguka, na pengo limejazwa vitofali vya plastiki vya watoto: vyekundu, vya njano, vya buluu. Chini yake imeandikwa, "Msanii akarabati majengo kwa Lego." Nimeshayasoma maneno hayo mara nyingi mno, na kila mara kitenzi hicho kinanichoma.

Kazi yenyewe inaitwa Dispatchwork. Aliianzisha Mjerumani Jan Vormann mwaka 2007 katika kijiji cha Bocchignano, Italia, kisha akaipeleka Berlin na miji mingine, na watu wengi wakaanza kujaza kuta za kwao wenyewe. Ni sanaa ya mtaani. Haipakwi wala haichorwi, kwa hiyo si grafiti. Unatafuta ukuta uliomeguka, unapachika vitofali mpaka pengo lijae, unaondoka.

Sasa tuje kwenye neno. Ndani ya jina Dispatchwork limo patchwork, ambalo kwa Kiingereza ni kazi ya kuunganisha vipande vya vitambaa mbalimbali. Yaani mwenye kazi amekwisha kutuambia anachofanya: anatia viraka. Nasi neno tunalo, tena la siku nyingi. Waarabu husema ruqa kwa kipande cha kuzibia nguo, na ukilitamka karibu na kiraka unausikia udugu. Tumelipenda hata tukalitoa kwenye nguo. Mchezaji anayeweza kupangwa beki leo na kiungo kesho tunamwita kiraka. Wanaodai katiba mpya Tanzania husema ile ya mwaka 1977 imejaa viraka, na kila mtu anaelewa malalamiko yao.

Hapo hapo tumelichafua pia. Redioni utasikia barabara fulani "inazibwa viraka." Viraka havizibwi! Kinachozibwa ni shimo, na kiraka ndicho kinachoziba. Ukisema umeziba kiraka, umefunika dawa ukaacha kidonda.

Mama yangu alikuwa akitutilia viraka kwenye kaptula za shule. Alikaa mlangoni penye mwanga, akapekua mfuko wa vitambaa chakavu akitafuta rangi inayokaribiana na kaki, akakunja kingo za kipande kuelekea ndani, akashona kwa mishono midogo midogo. Alitaka kiraka kisionekane. Kilionekana tu. Lakini kaptula haikugeuka mpya, wala yeye hakusema ameikarabati. Alisema ameitia kiraka, ivuke muhula.

Vormann anafanya kile kile, ila yeye hafichi. Angetaka kuficha angetumia vitofali vya kijivu. Anachagua rangi zinazopiga kelele, na umbo lenyewe linamsaidia: kitofali cha kawaida chenye vinundu nane kina urefu wa milimita 31.8 na pembe kali, wakati tundu la risasi halina pembe hata moja. Ukiangalia picha za Berlin, ambako kuta nyingi bado zina makovu ya mapigano ya mwaka 1945, utaona kingo za kiraka zikipanda ngazi ngazi, na vijipengo vyeusi vimebaki kati ya plastiki na jiwe. Havikai sawa, na wala havikukusudiwa vikae sawa. Jicho linavutwa pale pale ambapo kwa miaka sitini watu walikuwa wakipita bila kupaangalia.

Kukarabati ni jambo jingine. Ni kukirudisha kitu katika hali ya kufaa, kwa kujua kimetengenezwa na nini na kinaumwa nini. Fundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, anayejua kazi yake hasiribi saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Anatumia chokaa, kwa sababu saruji huuziba unyevu na chumvi ndani, na ukuta huoza nyuma ya lipu nzuri. Ukuta wake unabeba dari na watu waliolala chini yake. Vitofali vya Vormann havibebi chochote.

Wala tusidhani ukarabati ni kufuta kila kovu. Hapo hapo Berlin lipo jumba la makumbusho liitwalo Neues Museum. Lilipigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, likakaa gofu kwa miongo kadhaa, likafunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kazi iliyoongozwa na msanifu David Chipperfield. Kuta ziliimarishwa, palipobomoka pakajengwa kwa matofali ya zamani, lakini alama za vita ziliachwa zionekane. Ule ni ukarabati ulioheshimu kovu. Dispatchwork ni kiraka kinacholinyooshea kovu kidole. Naipenda kazi ya Vormann, na sioni kwamba kuiita kiraka ni kuishusha. Kuiita ukarabati ndiko kunakomvika kazi asiyoidai, na kunampunja fundi wa chokaa jina la kazi yake.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniletea picha, asante sana, ni nzuri. Ukiipeleka kwa mwingine, andika tu kwamba ukuta umetiwa kiraka.